Kuhamisha mafaili kati ya TRS-80 Model 100 na laptop ya Windows 11: kebo ipi, mipangilio ipi?

mwandishi_taa

Wakuu, habari zenu.

Nina TRS-80 Model 100, ile kompyuta ya kubeba iliyoanza kuuzwa na Radio Shack mwaka 1983, yenye kumbukumbu ya 32K. Inawaka kwa betri zake nne za AA, kibodi ni nzima na skrini ni safi. Ndani mna mafaili 14 ya .DO (maandishi), manne ya .BA (programu za BASIC) na mawili ya .CO (programu za lugha ya mashine). Nataka yote yafike kwenye laptop ya Windows 11, na baadaye niweze kurudisha maandishi kutoka kwenye laptop hadi kwenye Model 100.

Laptop haina poti ya siriali, kwa hiyo nimenunua adapta ya USB yenye kichwa cha pini 9, pamoja na kebo ya pini 9 kwenda 25, ile iliyokuwa ikitumika kuunganisha modemu za nje. Adapta inaonekana kwenye Device Manager kama COM5, bila alama ya njano. Kwenye Tera Term, programu ya laptop ya kuzungumza na poti ya siriali, nimeweka 9600, biti 8, bila pariti, stop biti moja. Kwenye Model 100 nimeingia TELCOM, programu yake ya mawasiliano, nikabonyeza F4 kwenda Term, kisha F3 na kutaja jina la faili. Skrini ya laptop inabaki tupu. Haiji herufi hata moja, wala zile takataka zinazotokea kasi zisipolingana.

Je, tatizo ni kebo au mipangilio? Na je, .BA na .CO zinatumwa kwa njia ileile ya .DO? Natanguliza shukrani.

---

betri_nne

Mkuu, kabla hujagusa kebo, linda kumbukumbu kwanza. Model 100 haina diski. Mafaili yako yote 20 yamo ndani ya RAM, na RAM ikikosa umeme hakuna cha kurudisha. Betri za AA zikitolewa, RAM inashikiliwa na betri ndogo ya NiCd ya volti 3.6 iliyolehemiwa kwenye bodi. Ikiwa nzima na imejaa, mwongozo wa mashine unaipa siku 8 hivi kwa 32K. Ya kwako ina umri wa mashine yenyewe, kwa hiyo ihesabu kuwa haipo.

Usitoe betri za AA hata kwa sekunde moja mpaka mafaili yawe kwenye laptop. Taa nyekundu ya betri ikiwaka, umebakiwa na dakika 20 hivi za kazi. Ni bora uchomeke adapta ya umeme tangu sasa: volti 6, milliampia 400, na hasi iwe katikati ya plagi. Adapta nyingi za madukani ni chanya katikati, kwa hiyo ipime kwa mita kabla ya kuichomeka: ncha nyeusi ndani ya tundu la plagi, nyekundu kwenye chuma cha nje, na usomaji uwe chanya.

Swichi ya Memory Power chini ya mashine ibaki ON. Ikiganda, bonyeza kitufe cha Reset cha nyuma peke yake. Usikibonyeze ukiwa umeshika Ctrl na Break, maana hapo mashine inaanza upya kabisa na kufuta kila kitu.

---

fundi_pini25

Una makosa mawili kwa pamoja, ndiyo maana huoni hata takataka. Moja ni kebo, la pili ni Stat, yaani mipangilio ya poti ndani ya TELCOM.

Nianze na Stat kwa kuwa haihitaji kununua kitu. Model 100 ikitoka kiwandani imewekwa `M7I1E`. Hiyo M ya mwanzo maana yake modemu ya ndani, ile ya baudi 300. Kwa hiyo ulipobonyeza F4, mashine ilielekeza maneno kwenye laini ya simu, na poti ya RS-232 haikuguswa. Ukiwa TELCOM, kwenye `Telcom:` bonyeza F3, andika

`88N1E`

kisha Enter. Ukibonyeza F3 na Enter bila kuandika kitu, itakuonyesha mpangilio uliopo. Isome hivi: herufi ya kwanza ni kasi (3 ni 300, 4 ni 600, 5 ni 1200, 6 ni 2400, 7 ni 4800, 8 ni 9600, 9 ni 19200). Ya pili ni idadi ya biti. Ya tatu ni pariti, N ikiwa haipo. Ya nne ni stop biti. E ya mwisho inawasha XON/XOFF, yaani ruhusa ya upande mmoja kuuambia mwingine "simama" na "endelea". Usiweke D hapo mwisho, utajua sababu ukianza kutuma kwenda Model 100.

Sasa kebo. Kebo ya modemu ni ya moja kwa moja: imetengenezwa kuunganisha kompyuta na modemu. Model 100 na adapta yako zote mbili zimejengwa kama kompyuta, kila moja inatuma pale mwenzake anapotuma na kusikiliza pale mwenzake anaposikiliza. Unahitaji kebo ya null modem, au uongeze kipande kidogo cha null modem katikati ya kebo uliyo nayo. Ukitaka kulehemu mwenyewe, chukua kichwa cha pini 25 (DB25) cha kiume kwa upande wa Model 100 na cha pini 9 (DB9) cha kike kwa upande wa adapta, uunganishe:

DB25 pini 2 na DB9 pini 2
DB25 pini 3 na DB9 pini 3
DB25 pini 7 na DB9 pini 5
DB25 pini 4 na DB9 pini 8
DB25 pini 5 na DB9 pini 7
DB25 pini 6 na DB9 pini 4
DB25 pini 20 na DB9 pini 6

Watu wengi hapa wanakosea, maana wamesikia kwamba null modem lazima ipishanishe 2 na 3. Hiyo ni kweli kichwa kikiwa cha aina moja pande zote mbili. Kwenye DB25 pini 2 ni ya kutuma, kwenye DB9 pini 2 ni ya kupokea, kwa hiyo 2 kwa 2 na 3 kwa 3 tayari zimepishana. Ukizipishanisha tena unarudi kwenye kebo ya modemu uliyo nayo. Kwa TELCOM peke yake waya tatu za mwanzo zinatosha. Lakini lehemu zote saba, utazihitaji ukifika kwenye .CO.

Ukitaka uhakika badala ya kubahatisha, tumia mita. Laini ya kutuma ya RS-232 ikiwa haina kazi hukaa kwenye volti hasi. Fungua Term kwenye Model 100, weka ncha nyeusi kwenye pini 7 ya DB25 na nyekundu kwenye pini 2: utaona hasi, karibu −5. Upande wa adapta, Tera Term ikiwa wazi, nyeusi iwe kwenye pini 5 na nyekundu kwenye pini 3: utaona hasi pia. Sasa chomeka kebo upande wa adapta tu, upime mwisho wa DB25 unaoning'inia. Ukikuta hasi kwenye pini 2, kebo ni ya moja kwa moja. Ukiikuta kwenye pini 3, ni null modem na iko sawa.

Kila upande unaweza pia kujaribiwa peke yake. Chukua kipande cha waya, unganisha pini 2 na 3 za adapta, andika kitu kwenye Tera Term. Ukiona ulichoandika kinarudi, adapta na draiva ni wazima. Fanya hivyohivyo kwenye DB25 ya Model 100 ukiwa Term. Hakikisha imeandikwa Full juu ya F4, maana ikiwa Half mashine inajionyeshea herufi zenyewe na utadhani jaribio limefaulu.

Nitaje adapta kidogo. Zenye chipu ya FTDI ndizo ninazozipendekeza. Zenye PL2303 ya zamani Windows 11 inazikataa, na Device Manager inaandika kwamba chipu hiyo imesitishwa. Ya kwako haina alama ya njano, kwa hiyo umepona hapo. Vile vibodi vidogo vya Arduino vyenye pini za TTL usivichomeke moja kwa moja kwenye Model 100. Volti zake ni 0 hadi 5 na mantiki yake imegeuzwa, hadi kuwe na chipu kama MAX3232 katikati.

Ukishaweka hayo yote, kutuma .DO ni hivi. Tera Term: Setup, Serial port, 9600, 8, none, 1, na Flow control iwe Xon/Xoff. Kisha File, Log, uchague jina la faili la kupokelea. Model 100: Term, F3, kwenye `File to Upload?` andika jina, kwenye `Width:` bonyeza Enter tu bila namba, la sivyo itakukatia mistari. Ikimaliza, funga Log kwanza kabla ya faili linalofuata. Kutoka Term ni F8, kisha Y ikiuliza `Disconnect`.

Kwa 9600 zinapita herufi 960 kwa sekunde. Hata RAM yote ya 32K, ambayo ikiwa tupu menyu inaonyesha baiti 29638, ingeisha ndani ya nusu dakika hivi.

---

mwandishi_taa

Wakuu, nashukuru sana. Adapta ya umeme ilikuwa chanya katikati, nimepata nyingine. Stat nimebadilisha, na mita imesema hasi iko kwenye pini 2, kwa hiyo kebo ilikuwa ya moja kwa moja kama ulivyosema. Nimeweka kipande cha null modem na maneno yanakuja.

Yamebaki matatu. Kwanza, kwenye skrini ya Tera Term mistari yote inaandikwa juu ya mstari mmoja, kila mpya unafuta uliotangulia. Pili, nikituma kutoka laptop kwenda Model 100, yaani F2 kule na Send file huku, aya zinafika na mapengo: mstari wa kwanza mzima, wa pili nusu, wa tatu haupo. Tatu, neno kama *ng'ombe* linafika likiwa na alama tatu za ajabu mahali pa kile kialama cha juu.

---

nukta_mkato

Hayo matatu hayahusiani na kebo. Moja ni la mwisho wa mstari, la pili ni la kasi, la tatu ni la usimbaji wa herufi.

Mwisho wa mstari. TELCOM ikituma faili inaweka CR peke yake mwisho wa kila mstari. CR maana yake rudi mwanzo wa mstari, haisemi shuka. Tera Term inatii ilivyoambiwa. Nenda Setup, Terminal, New-line, upande wa Receive uchague CR+LF, maana yake CR ikifika iongezewe LF, ile ya kushuka. Faili la Log litakaa sawa pia. Mafaili uliyokwisha kupokea hayajaharibika. Yafungue kwenye kihariri kinachotambua CR, kama Notepad++, ubadilishe miisho ya mistari.

Kwa kurudisha, Model 100 inataka CR, au CR na LF. Faili la Linux lenye LF peke yake litakusumbua. Hifadhi kwa mtindo wa Windows kabla ya kutuma.

Mapengo. Kichakato cha Model 100 ni 80C85 kinachokwenda kwa megahezi 2.4576, na TELCOM inaandika kila herufi inayofika kwenye skrini ya mistari 8 yenye herufi 40. Skrini ikijaa na kuanza kupanda, mashine inalazimika kuchora upya mistari yote. Wakati huo herufi zinaendelea kumiminika kwenye bafa (kihifadhi cha muda) ya baiti 64. Kabla haijajaa, mashine inatuma XOFF kuomba laptop isimame. Laptop ya zamani yenye poti yake halisi ingesimama mara moja. Ya kwako ina USB katikati: XOFF inakaa kwenye adapta kidogo, inapanda hadi Windows, Windows inaamua kusimama, lakini herufi zilizokwisha kupelekwa kwenye adapta haziitwi tena, zinaendelea kutoka. Bafa inafurika, na pengo unaloliona ni herufi zilizokosa nafasi. Ndiyo maana mstari wa kwanza ulifika mzima, skrini ilikuwa bado haijaanza kupanda.

Chipu ya FTDI inaweza kutii XOFF yenyewe bila kungoja Windows, kwa hiyo ukiwa nayo hakikisha Xon/Xoff imewashwa kwenye Tera Term. Pia kwenye Device Manager, mipangilio ya COM5, sehemu ya Advanced, punguza Latency Timer kutoka 16 hadi 1. Hizo 16 ni milisekunde, na kwa 9600 ni muda wa herufi 15.

Ikiwa si FTDI, usipambane. Kwenye Setup, Serial port, kuna Transmit delay. Anza na milisekunde 10 kwa kila herufi na 300 kwa kila mstari. Faili la kilobaiti 29 litachukua dakika tano na nusu hivi, bila kuhesabu muda wa mistari. Likifika zima, punguza kidogokidogo hadi uone mwanzo wa mapengo, kisha urudi hatua moja. Njia nyingine ni kushusha kasi: Stat `58N1E` na Tera Term 1200, hapo faili hilohilo ni dakika nne na ushee, ila bado acha ucheleweshaji wa mwisho wa mstari. Kwa 300 ni dakika 16 na nusu, mimi naiona ni adhabu isiyo na sababu.

Ukimaliza kupokea bonyeza F2 tena kulifunga faili. Ukisahau, chochote kitakachopita baadaye kinaingia humo humo. Na kagua baiti zilizobaki kwenye menyu kabla ya kuanza, maana kumbukumbu ikijaa katikati upokeaji unakatwa.

Usiridhike kwa kutazama. Rudisha faili lilelile kwenye laptop kwa 9600, ulinganishe na la asili kwa `fc` kwenye Command Prompt. Herufi moja iliyodondoka katikati ya aya jicho haliioni.

Ng'ombe. Hili linatupata sisi hasa. Word na simu zinabadilisha ' iliyonyooka kuwa ’ iliyopinda. Kwenye UTF-8, usimbaji wa herufi wa kompyuta za leo, alama iliyopinda ni baiti tatu, E2 80 99, na Model 100 haijui UTF-8. Inaona herufi tatu tofauti, zote juu ya 127, na huko juu ina alama zake za michoro na herufi za lafudhi. Kwa hiyo *ng’ombe*, *ng’ambo*, *ung’ang’anizi*, kila mahali unapata tatu badala ya moja. Kabla ya kutuma badilisha ’ zote ziwe ', na zile “ ” za kunukuu ziwe ", na kile kistari kirefu kiwe kifupi. Kwenye Linux amri moja inamaliza:

`iconv -f UTF-8 -t ASCII//TRANSLIT barua.txt > BARUA.DO`

Bahati yetu ni kwamba tahajia ya Kiswahili haina herufi zenye lafudhi. Ukisafisha hizo alama, maandishi yote yanaingia kwenye ASCII, yaani zile herufi 128 za msingi, bila kupoteza kitu.

Na kwa kuwa kuna watakaosoma hapa wanaotumia Linux, niweke na hii:

`stty -F /dev/ttyUSB0 raw 9600 cs8 -cstopb -parenb -crtscts -echo clocal ixon ixoff`

Mpangilio wa maneno una maana. `raw` inazima ixon na ixoff, kwa hiyo ikikaa mwisho inafuta ulichoomba. Na `raw` haizimi echo. Usipoweka `-echo`, laptop itairudishia Model 100 kila herufi inayoipokea. Kupokea ni `cat /dev/ttyUSB0 > ghafi.txt`, Ctrl+C baada ya kumaliza, kisha:

`tr -d '\n\032' < ghafi.txt | tr '\r' '\n' > safi.txt`

Hiyo inafuta LF kama zipo, inafuta Ctrl+Z ya mwisho kama ipo, na kugeuza CR kuwa mwisho wa mstari wa Linux. Ikikuambia huna ruhusa ya kufungua poti, jiongeze kwenye kundi la dialout, utoke na kuingia tena.

---

bandari_siriali

Nami nichukue .BA na .CO.

.BA usiitume kwa TELCOM. Ndani yake maneno ya BASIC yamefupishwa kuwa kodi za baiti moja moja, PRINT si herufi tano tena. Kuna njia mbili za kuirudisha kuwa maandishi. Ya kwanza ni kuingia BASIC, `LOAD "HESABU"`, kisha `SAVE "HESABU.DO",A`, halafu kutuma .DO kama kawaida. Kasoro yake ni kwamba inahitaji nafasi ya nakala ya pili, na nakala ya maandishi ni kubwa kuliko ya kodi. RAM yako ikikaribia kujaa itagoma. Ya pili naipenda zaidi kwa kuwa haigusi kumbukumbu: washa Log kwenye Tera Term, kisha kwenye Model 100 andika

`SAVE "COM:88N1E"`

na programu inamwagika moja kwa moja kwenye poti ikiwa maandishi.

Kurudi ni `LOAD "COM:88N1E"`, halafu Send file kutoka laptop. Mashine itangoja mpaka ione Ctrl+Z, yaani baiti 26. Faili likiisha na Model 100 bado imekaa kimya, haijaganda: bonyeza Ctrl+Z kwenye Tera Term. Kutoka bila kumaliza ni Shift na Break. Acha ucheleweshaji wa mwisho wa mstari, kwa sababu BASIC inageuza kila mstari kuwa kodi kabla ya kupokea mwingine, na programu ikiwa ndefu kazi hiyo inazidi kuwa nzito. Ukipata `?DS Error`, kuna mstari usio na namba. Mara nyingi ni mstari mrefu ambao kihariri cha laptop kimeukata vipande viwili.

.CO ni lugha ya mashine. Baiti zake zinaweza kuwa chochote, zikiwemo 17, 19 na 26, ambazo poti inazielewa kama "endelea", "simama" na "mwisho wa faili". TELCOM haifai kabisa. Njia sahihi ni kuifanya laptop ijifanye diski. Tandy waliuza Portable Disk Drive, diski ndogo ya inchi 3.5 yenye nafasi ya 100K, na toleo la pili la 200K, zote zikizungumza kupitia RS-232 hiyohiyo. Lugha yake inajulikana, na kuna programu za bure zinazoiiga: LaddieAlpha na mComm kwa Windows, dlplus kwa Linux. Hapa ndipo zile waya saba za fundi_pini25 zinapohitajika.

Model 100 nayo inahitaji programu ya kuzungumza na diski. Kuna mbili: TEENY, ambayo ni ndogo sana, na TS-DOS, ambayo ina menyu na ni rahisi kutumia lakini inakula kumbukumbu zaidi. Kwa kuwa RAM yako ina mafaili 20, anza na TEENY. Kuiingiza kunaitwa bootstrap: laptop inatuma programu fupi ya BASIC ambayo ikiendeshwa inajenga TEENY ndani ya mashine. Kwenye dlplus ni

`dl -v -b TEENY.100`

na kwenye Model 100, ndani ya BASIC,

`RUN "COM:98N1E"`

Ni 9 mwanzoni kwa sababu diski hiyo inakwenda 19200. Ikishaingia, endesha `dl` bila -b ukiwa kwenye folda unayotaka, na laptop inakuwa diski. Kuanzia hapo .CO, .BA na .DO zote zinakwenda na kurudi baiti kwa baiti, tena kuna ukaguzi wa jumla kwa kila kipande, jambo ambalo TELCOM haina.

Fanya haya baada ya kuokoa .DO na .BA kwa njia ya kawaida. Bootstrap inaandika kwenye kumbukumbu ya juu, na kosa la namba moja hapo linaweza kukulazimisha kuanza mashine upya. Weka pia .BA zako kwa namna mbili, ile ya maandishi na ile ya diski. Ya diski ndiyo nakala halisi, lakini Notepad haiwezi kuisoma.

Majina yawe herufi sita zisizozidi, nukta, herufi mbili, zote kubwa: `BARUA1.DO`. Ukiweka `barua-ya-kwanza.txt` kwenye folda utaona jina lililokatwakatwa au usilione kabisa.

---

mwandishi_taa

Adapta yangu si FTDI. Nimeweka 10 na 300 kwenye Transmit delay, faili la kilobaiti 6 limefika, nimelirudisha na `fc` inasema hakuna tofauti. Ng'ombe nao wamerudi na kialama kimoja. .DO zote 14 na .BA nne ziko kwenye laptop. TEENY imeingia kwa kutumia laptop nyingine yenye Linux, na .CO mbili zimetoka.

Sasa naweza kutoa betri za AA? Na ile NiCd niiache au niitoe?

---

betri_nne

Sasa ndiyo. Zima mashine, toa AA, chomoa adapta, weka swichi ya Memory Power OFF, kisha fungua skrubu nne za chini. Inua sehemu mbili za kasha taratibu, maana zimeunganishwa na nyaya bapa na ukivuta kwa nguvu zinakatika.

Itoe NiCd hata kama inaonekana safi. Kinachovuja ndani yake ni alkali, na hutambaa kwenye njia za shaba chini ya rangi ya kijani bila kuonekana juu. Ukikuta unga wa kijani au mweupe, pakaa siki nyeupe kidogo kwa pamba ili kuua alkali, futa kwa maji safi kidogo, kisha alkoholi ya isopropili, na uache ikauke siku nzima kabla ya kuwasha.

Mpya iwe ya kuchajika, volti 3.6, seli tatu za NiMH, ukizingatia chanya na hasi zilizochapwa kwenye bodi. Usiweke betri ya lithiamu ya kawaida ya duara, kwa sababu saketi ya Model 100 inaichaji muda wote mashine ikiwa na umeme, na betri isiyochajika haistahimili hilo. Ukikosa mpya kwa sasa, mashine itafanya kazi bila hiyo, ila kila ukibadilisha AA hakikisha adapta ya volti 6 imechomekwa kwanza.